Mama Aliitikia kwa Kichwa

Nelson, 8 Oktoba 1961

Mwanangu Doreen,

Sisi wazima. Baba yako mzima, njiwa wake wazima isipokuwa yule wa kijivu aliyepotea, na shangazi yako Ivy anakusalimu na kuuliza kama ni kweli London wanakula samaki bila kumwaga siki juu yake. Mguu wangu ni uleule. Barua yako imefika nikiwa nimeshamwambia baba yako kwamba umegongwa na basi.

Unakula? Usinijibu kwamba unakula, nijibu unakula nini. Nimekuwekea keki ya tangawizi kwenye bahasha kubwa na soksi mbili. Ikifika imevunjika, uile hivyohivyo.

Sasa hilo la mwalimu limenikosesha raha. Unasema ulisimama mbele ya wenzako, ukataja jina lako na unakotoka, na huyo Bi Lascelles akasema una sauti nzuri ila imekaa mahali pasipo pake. Nimesoma tena na tena. Sauti inakaaje mahali pasipo pake? Si iko kooni, ilikokuwa tangu siku uliyozaliwa ukawaamsha mtaa mzima? Na kwamba asiyeweza kubadili lafudhi yake kufikia mchezo wa Julai hatapokelewa mwaka wa pili. Nimemuuliza baba yako, akasema, "Clara, mtoto ameenda kujifunza kuigiza, si kufanyiwa upasuaji." Lakini yeye hata nyumba ikiungua atauliza kwanza njiwa wako wapi.

Juzi kiwandani niliwapa wenzangu habari zako. Unajua kwetu wafumaji, mitambo inapiga kelele mtu hasikii hata pumzi yake, lakini niliachia neno kwa midomo tu, bila sauti, kutoka kwangu, likapita kwa Ivy, likafika hadi kwa Bessie kule dirishani. Bessie akanijibu kwa midomo, mbali vile, "Mwambie aolewe na mtu wa benki." Ivy akamjibu, "Wewe uliolewa na muuza makaa, nyamaza."

Usinipigie simu dukani kwa Ogden. Ile simu inavuma kama nyuki ndani ya chupa, na Ogden mwenyewe anasimama hapo kusikiliza. Wewe andika.

Funga kifua, kuna baridi.

Mama yako


London, 22 Oktoba 1961

Mama,

Nakula. Jumatatu mayai, Jumanne mayai, na mwenye nyumba ana mchuzi wa rangi ya maji ya kufulia. Keki ilifika unga, tukaila kwa vijiko, na wasichana wa chumba changu wanakuomba uwe mama yao. Mwambie shangazi Ivy siki ipo, ila unapewa kama dawa.

Usiogope kuhusu sauti, nitakueleza. Bi Lascelles ni mama mrefu, ana mikono baridi. Anakuwekea mkono mmoja utosini na mwingine kifuani, anakwambia, "Vuma." Unavuma kama ng'ombe, naye anasikiliza mtetemo uko wapi. Wangu uko puani na nyuma ya meno ya mbele. Wa watu wa huku uko chini, kifuani. Anasema kinywa ni kama nyumba: sauti ni ileile, lakini ukiisemesha jikoni na ukiisemesha ukumbini havifanani. Basi nahamisha makazi. Ulimi ulale chini, ncha yake iguse meno ya chini. Nyuma ya kaakaa painuke kama unataka kupiga miayo. Taya lining'inie lenyewe. Na mdomo wa juu, Mama, mdomo wa juu utulie! Kila siku naambiwa hilo, tena kwa jina letu la ukoo. "Sagar, unatafuna maneno. Watu hawa hawatafuni."

Anasema lafudhi haianzi kwenye neno. Inaanza pale kinywa kinapopumzika mtu akiwa kimya, kwa sababu kila neno linaanzia safari yake hapo. Sisi wa Nelson tunapumzika tukiwa tayari kwenda. Wao wanapumzika kama wamekaa kwenye kochi.

Na tunafanya mazoezi na kizibo cha chupa katikati ya meno. Usicheke.

Doreen


Nelson, 12 Novemba 1961

Mwanangu,

Tunashukuru Mungu, njiwa wa kijivu amerudi. Baba yako amemkaribisha vizuri kuliko alivyonikaribisha mimi nilipotoka hospitali.

Hicho kizibo. Kimeoshwa? Kilikuwa kwenye chupa ya nini? Kila mtu ana chake, au mnapokezana? Ukipiga chafya kikaingia kooni, kuna mtu wa kukupiga mgongoni? Kifunge uzi, na uzi ufunge kwenye kifungo cha blauzi.

Nilijaribu mwenyewe, nione wanakutesa namna gani. Niliweka kizibo mdomoni nikaendelea kumenya viazi. Baba yako akaingia, akauliza chakula kitaiva lini. Nikamjibu. Akanitazama, akakaa, akasema, "Miaka yote hii, kumbe dawa ilikuwa kizibo." Sikumpa mchuzi.

Halafu nikaenda kwenye kioo nikatazama mdomo wangu ukipumzika, kama ulivyosema. Doreen, haupumziki. Ivy naye tulimtazama. Wa Ivy hata akilala unasema.

Krismasi uje mapema. Nimeshaongea na mchinjaji. Kitanda chako nimekigeuza godoro.

Mama


London, 14 Januari 1962

Mama,

Nimefika salama, treni ilikuwa na baridi, pai nimezimaliza kabla ya kufika nusu ya njia. Asante kwa sweta. Mwambie Baba vidole vyangu bado vinanuka njiwa.

Mwalimu ameridhika nami. Anasema sasa sauti imeshuka kifuani na mdomo wa juu umejifunza adabu. Katika mchezo wa Julai nimepewa bibi wa kitajiri, mwenye jumba na mbwa wadogo. Sisi tuliopewa nafasi kubwa ndio tutakaopimwa zaidi. Nikimwigiza vizuri nabaki shule. Nikiteleza nikatoa hata neno moja la Nelson, nafunga sanduku.

Nimefurahi mno kwamba umekubali kuja. Nilikuwa naogopa kukuuliza, ndiyo maana nilikuuliza ile siku tunaosha vyombo, nikasema haraka haraka, nawe ukaitikia kwa kichwa hapohapo, ukatabasamu. Mchezo unaangukia wiki ile mji wote unafunga viwanda, kwa hiyo huna sababu. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele, na baada ya mchezo tutakunywa chai na Bi Lascelles, kama tulivyokubaliana.

Kitu kimoja tu. Siku zote za Krismasi nilipokuwa nasimulia, ulikuwa unanitazama na kutabasamu, huulizi kitu. Wewe! Wewe unayemuuliza mtu wa posta kama mama yake amepona! Nilidhani labda sauti yangu mpya inakuudhi, umeona najifanya mkubwa. Kama ni hivyo niambie.

Doreen


Nelson, 4 Machi 1962

Mwanangu,

Samahani nimechelewa, kulikuwa na theluji, halafu Ivy alikuwa na kikohozi, halafu kalamu ilipotea.

Wote hatujambo. Kwa Ogden wameleta mashine ya kukata nyama. Bessie ameacha kazi, ameenda kukaa na mwanawe. Mahali pake wamemweka msichana mmoja mpya, hajui kuongea kwa midomo, anapiga makelele kwenye mitambo kama mtu aliyepotea msituni. Ivy anamfundisha. Juzi msichana alitaka kumwambia Ivy siri akasahau kufunika mdomo kwa mkono, na chumba kizima kikajua anampenda fundi.

Hapana mwanangu, sauti yako haikuniudhi. Ulikuwa unaongea vizuri kama watu wa redio. Nilikuwa nafurahi kukutazama.

Kuhusu Julai. Nilisema nitakuja? Basi kama niliitikia, niliitikia. Lakini fikiria mguu wangu. Na wiki hiyo mimi na Ivy huwa tunakwenda Blackpool, ufukweni, mwenye nyumba wa kule atadhani tumekufa. Na mstari wa mbele kuna upepo. Na hiyo chai na mwalimu wako, mimi nitaongea naye nini? Labda Baba aje. Baba hawezi, ana njiwa. Tutaona.

Vaa ile sweta.

Mama


London, 18 Machi 1962

Mama,

Natumaini Ivy amepona. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikakasirika kidogo. Mguu, Blackpool, upepo. Nikasema basi, Mama hataki kuniona nikiwa bibi wa jumba.

Halafu jana likatokea jambo. Bi Lascelles alitupa zoezi la kuongea bila sauti. Unasimama, unasema kwa kinywa tu, wenzako wanakisia. Nikasimama na kinywa changu kipya, mdomo wa juu umetulia, taya linaning'inia, nikasema, "Jana nilikula mayai tena." Hakuna aliyepata hata herufi. Mmoja akasema, "Anaomba maji?" Mwalimu akafurahi, akasema ndivyo watu wa tabaka lile walivyo, hawaoneshi kitu usoni.

Nikamwomba nirudie kwa kinywa cha nyumbani. Nikafanya kama nipo kwenye mitambo na wewe uko upande wa pili. Mama, darasa zima walipiga kelele, "Mayai! Mayai tena!" Wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Nikawa nimekumbuka meza yetu ya Krismasi.

Nilijua masikio yako yamechoka kwa mitambo. Kila mfumaji anayo. Lakini nyumbani sote tunaongea kwa midomo, nilidhani ni mazoea tu ya kiwandani, kama wengine wanavyopiga mluzi. Sikuwahi kufikiri kwamba ukiondoa midomo hakibaki kitu.

Nakuuliza, nawe usinijibu kwa njiwa. Krismasi ulisikia nini?

Doreen


Nelson, 29 Aprili 1962

Mwanangu,

Njiwa hawajambo.

Nimeandika hivyo makusudi, ucheke. Baba yako yuko kwenye banda, Ivy amekwenda kanisani, nimebaki na meza na wewe.

Nilisikia mvumo. Kama mtu anayeongea chumba cha pili mlango umefungwa. Mvumo mzuri, wa chini, hata kwenye meza niliuhisi nilipoweka kiganja. Lakini maneno hapana. Zamani nilikuwa nakuona unachosema hata ukiwa na mkate mdomoni. Sasa mtoto yuko mbele yangu, uso ni wake, macho ni yake, na mdomo umekaa kimya kama wa picha. Ningesema, "Rudia." Ungerudia. Ningesema tena, "Rudia." Ungerudia kwa kinywa cha zamani, halafu Julai likaponyoka neno moja la Nelson mbele ya mwalimu, ukafungishwa sanduku kwa sababu yangu. Kwa hiyo niliitikia kwa kichwa. Niliitikia kila kitu. Tangu hapo naishi kwa hofu, sijui nimekubali nini na nini. Kama nimekukubalia kuolewa niambie sasa.

Na Julai, kuja nataka, usifikiri. Lakini nikae mstari wa mbele nisipate neno, wenzangu wakicheka nami nicheke, wakilia nilie? Na kwenye chai mwalimu aniulize jambo, nimtabasamie kama kikombe? Atasema, kumbe ndiyo maana. Aibu itakuwa yako.

Wewe jifunze, mwanangu. Ongea nao hivyo. Mimi utaniandikia.

Mama

Baba ameingia, amesoma juu ya bega langu bila ruhusa, anasema nikwambie kwamba Krismasi nilimkubalia na yeye banda jipya.


London, 20 Mei 1962

Mama,

Hujanikubalia kuolewa. Lakini ulikubali nikate nywele, nimekata.

Nililia kidogo, halafu nikaenda kwa Bi Lascelles, nikamwambia yote. Akasema, "Ukifungua midomo hiyo kama zamani, bibi wa jumba atakuwa mfumaji. Sitakudanganya." Nikamwambia nataka kujaribu kutenganisha. Mtetemo ubaki kifuani, ulimi ubaki ulipolala, kaakaa libaki juu, ila midomo iachiwe itembee. Akasema haiwezekani, maana vyote vimeshikana, ukivuta kimoja vinakuja vingine. Nikasema Mama anasema "haiwezekani" kabla ya kila kitu anachokifanya. Akacheka, akaniachia.

Mwanzoni nilisikika kama mbwa mwenye mfupa. Ulimi ulikimbilia nyumbani kila midomo ilipotembea. Sasa nalala chini, kitabu tumboni, kiganja utosini, nasema mistari polepole hadi sauti isipande puani. Wiki hii Bi Lascelles alisimama nyuma ya ukumbi, akafumba macho akasikiliza, akasema, "London." Akaziba masikio akatazama, akasema, "Nelson." Sijui kama alisifu au alilaumu. Amesema wapimaji wataamua, yeye hatanitetea.

Basi chagua. Naweza kuigiza na midomo iliyotulia, ni salama, nawe ukae Blackpool. Au nijaribu hivi, uje. Mimi nimeshachagua, nakungoja wewe. Ila niahidi jambo moja. Usilolipata usiliitikie kwa kichwa. Inua mkono, kama mnavyouinua kiwandani uzi ukikatika.

Doreen


Nelson, 15 Julai 1962

Mwanangu,

Tumefika salama, isipokuwa kofia ya Ivy, nitakueleza.

Baba yako nilimkuta mzima, amekula viazi vya baridi wiki nzima na anadai alivipenda. Mtaa mzima bado wako Blackpool, nimekaa hapa na kalamu kabla hawajarudi kuniuliza, maana nitasimulia hadi Krismasi.

Unisamehe kwa kukataa mstari wa mbele. Ivy ndiye aliyesema, "Wifi, pale chini tutaona matundu ya pua tu. Midomo inaonekana ukiwa mbali na ukiwa juu, kama kiwandani." Tukapanda hadi roshani ya mwisho kabisa. Walipotoka wale wenzako wa kwanza, sikupata kitu. Yule kijana mwenye masharubu ameongea robo saa bila kufungua meno, nadhani anaogopa yataanguka. Mimi na Ivy tukajitungia hadithi yetu: yeye ni mwizi wa mbwa.

Halafu ukatoka wewe. Ile nguo, ule mkao, sikukujua. Ukafungua kinywa.

Doreen, maneno yalikuja yote. Kutoka kule chini hadi roshani, neno kwa neno, kama umekaa mbele yangu mezani. Nilishika mkono wa Ivy nikaubana, akaniambia kwa midomo, "Utanivunja." Nikamwambia, "Amesema mbwa wake ana akili kuliko mumewe." Akasema, "Nimeona, si kipofu." Tukacheka kabla ya ukumbi wote, wale wa chini wakageuka. Na nilipomuuliza yule bwana wa kiti cha jirani kama unasikika mtu wa wapi, aliniandikia kwenye karatasi yake ya mchezo: wa ikulu. Kwa hiyo masikio yao yalipata ikulu, na macho yangu yakapata mtoto wangu. Sijui uliyagawanya vipi maneno yaleyale.

Wakati wa mapumziko mimi na Ivy tulipotezana, nikamwona upande wa pili wa roshani. Tukaongea hapohapo juu ya vichwa vya watu, choo kiko wapi na nani amevaa nini. Mtu mmoja alituuliza kama tunaumwa.

Na ile chai! Mwalimu wako ni mtu mwema, lakini mdomo wake mwanangu, ungeuwekea kikombe juu usimwagike. Nilianza kuogopa. Ndipo nikakuona umesimama nyuma ya kiti chake, na kila alichosema ukanirudishia kwa midomo, bila sauti, huku umeshika birika kama mtumishi. Akasema, wewe ukasema, nami nikajibu. Aliniuliza nimeonaje mchezo, nikamjibu. Aliniuliza habari za kiwanda, nikamjibu. Ulipoongeza mwenyewe, "Na usichukue biskuti ya tatu," nikamjibu na hilo, "Sichukui," akashangaa, maana hakuwa amenipa. Akageuka haraka, ukawa unatazama dari. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. Halafu, hilo halikuhitaji midomo ya mtu, alinishika mkono akaandika kwenye kiganja changu kwa kidole kama anavyomwandikia mtoto: ANABAKI. Nililia kwenye biskuti.

Sasa kituoni. Uliona wale watu? Treni inapiga honi, moshi, madirisha yamefungwa, kila mtu anapiga makelele kwenye kioo, "Nini? Nini? Sikusikii!" Mama mmoja alikuwa analia kwa sababu hakupata jina la mtu wa kumpokea. Na mimi na wewe, kioo katikati, tunaongea taratibu kama tuko jikoni. Uliniambia nile vizuri, nikakwambia wewe ndiye ule. Uliniambia Krismasi utaongea na kila mtu kwa kinywa chake. Yule mama akanitazama kama mimi ni mchawi. Nikajisikia tajiri.

Ila neno lako la mwisho, treni ilipoanza kukata kona, lilinipita. Ulikuwa unasema kwa nguvu, unaonesha kwa mkono, machozi yalikuwa yamenijaa. Nilijua tu ni jambo zuri la kuagana. Najua niliahidi, lakini mkono mmoja ulikuwa na kitambaa na mwingine na pai, basi nikaitikia kwa kichwa. Niandikie ulisema nini, nimelifikiria njia nzima.

Ivy haongei nami tangu tulipoteremka. Kofia yake mpya, ile ya cheri, imekutwa kwenye kiti imekuwa bapa kama chapati na hakuna anayejua ilikuwaje. Nimemwambia labda ni watu wa reli.

Mama yako


London, 18 Julai 1962

Mama,

Mzima, nakula, mwaka wa pili unaanza Septemba.

Nilisema, "Mama, inuka, umekalia kofia ya shangazi." Nawe ukaitikia kwa kichwa, ukajiweka sawa.

Doreen